Kamioneti Iliyoshushwa Nguba

Kila alasiri Cibalonza alikuwa na desturi yake. Akitoka shule alivua sare, akala ugali na sombe ya majani ya muhogo aliofunikiwa jikoni, akampelekea bibi yake uji, kisha akachukua daftari lake na kwenda kukaa juu ya pipa lililopinduliwa ndani ya gereji ya baba yake. Gereji yenyewe haikuwa ya kujivunia: paa la mabati nyuma ya nyumba, ukuta wa mbao, na lango la bati lililolia kama mbuzi kila lilipofunguliwa. Lakini humo ndimo alimojifunza majina ya spana kabla hajajifunza majina ya mito ya Zaire. Papa Polycarpe, fundi aliyejulikana Nguba nzima, mtaa wao wa Bukavu, hakuwahi kumfukuza.

Bibi huyo, Koko Marcelline, alikuwa mama yake Papa. Tangu mvua zilipoanza alilala chumba cha mbele, kifua kinambana na miguu imevimba. Daktari alikuja, akaacha vidonge, akazungumza na Papa mlangoni kwa sauti ya chini. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Basi alasiri moja Cibalonza alilikuta lango la gereji limefungwa kwa ndani. Akagonga.

“Nani?”

“Ni mimi, Papa.”

“Leo usiingie. Kasomee jikoni kwa mama yako.”

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Keshokutwa yake Papa akatundika turubai kuukuu nyuma ya lango, hata ufa uliokuwa ukipitisha mwanga ukazibwa. Cibalonza akamwendea mama yake, Maman Godelive, aliyekuwa akipepeta mchele.

“Maman, kuna nini gerejini?”

“Kuna kazi,” Maman alijibu, macho yote kwenye ungo. “Na usipige kelele, Koko amelala.”

Jamani, mtu aliyezoea kuingia mahali akifungiwa mlango, moyo wake hautulii! Cibalonza alijaribu kusoma historia, akajikuta amesoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuelewa hata neno. Kazi gani hiyo isiyotaka kuonekana? Papa alikuwa akitengeneza magari ya wakubwa wa mji mchana kweupe, watu wakipita na kumsalimu.

Mwisho wa juma hilo akaja tonton Théodore. Huyu alikuwa mdogo wake Papa, mchomeleaji hodari aliyefanya kazi Kamituga. Alishuka kwenye lori akiwa na sanduku zito la chuma, wakalibeba yeye na Papa mpaka gerejini, shingo zimewatoka mishipa. Cibalonza alikimbia kumsalimu. Tonton akamshika kichwa, akacheka, halafu akamtazama Papa, na wote wawili wakaingia ndani, lango likafungwa.

Kamituga ni mji wa dhahabu. Kila mtoto wa Bukavu alilijua hilo, na alijua pia kwamba siku zile mtu wa kawaida akikutwa na dhahabu mfukoni, analala gerezani. Cibalonza alilitazama lile sanduku. Vifaa vya kuchomelea tu vingekuwa na uzito huo kweli?

Ndipo alipotafuta tundu, na mwenye kutafuta tundu halikosi. Nyuma ya gereji, karibu na mgomba, ubao mmoja ulikuwa umeng'oka msumari. Cibalonza akaweka jicho.

Ndani ilisimama kamioneti kuukuu, pikapu ya wakati wa Wabelgiji, magurudumu yametolewa, imekaa juu ya magogo. Na shasi yake imekatwa! Cibalonza nusura apige kelele. Shasi ni uti wa mgongo wa gari. Papa mwenyewe alimfundisha kwamba fundi mwenye akili haigusi shasi nzima kwa msumeno. Sasa hii ilikuwa imekatwa nyuma, vipande vipya vya chuma vimeungwa, na sakafu ya gari imeshushwa chini, karibu na ardhi kuliko gari lolote alilowahi kuona. Tonton Théodore alikuwa amelala chini ya pua ya gari, anafungua resori za mbele, yale mabamba ya chuma yanayobeba uzito, na kuondoa bamba moja baada ya jingine.

“Mbele pia lazima ishuke,” tonton alikuwa akisema. “Ikishuka nyuma peke yake, ile kitu itateleza itoke.”

“Shusha,” Papa akajibu. “Lakini polepole na nyundo. Koko asisikie. Akijua hii gari ni ya kazi gani, nimekwisha.”

Cibalonza aliondoka pale kinyumenyume. Kitu gani kiteleze? Na kwa nini Papa aseme amekwisha?

Jibu alilipata shuleni, au ndivyo alivyodhani. Rafiki yake Nsimire alikuwa binti wa Papa Bisimwa, mtu wa forodha pale Ruzizi, kwenye mpaka wa Rwanda. Nsimire alipenda kumsifu baba yake, na kila mapumziko alikuwa na kisa kipya cha wafanya magendo.

“Papa hafungui hata mizigo,” alisema siku hiyo, akimenya muwa kwa meno. “Anaangalia tumbo la gari tu. Gari ikiwa juu, iko tupu. Ikiwa imeshuka, imebeba, hata kama mwenyewe anaapa kwamba hana kitu. Ndivyo anavyowakamata.”

Cibalonza akaunganisha mambo. Kumbe! Gari likiwa limeshushwa siku zote, liwe tupu au limejaa, nani atajua? Mtu wa forodha ataliona leo liko chini, kesho liko chini, atalizoea, ataacha kuliangalia. Na siku litakapobeba dhahabu ya Kamituga, litapita mbele ya macho yake kama gari la harusi. Cibalonza alijiona mwerevu kweli, na papo hapo akatamani asingekuwa, maana werevu wake ulikuwa umemkamata baba yake mwenyewe.

Siku zilizofuata aliona ushahidi kila mahali. Papa akinawa mikono kwa muda mrefu, Cibalonza alijiuliza anaosha nini. Maman akifunga dirisha la chumba cha Koko kabla nyundo hazijaanza kulia, alijiuliza kama Maman naye yumo. Tonton alimletea pipi, naye akaiweka pembeni bila kuila.

Na siku aliyorudi kwenye tundu lake, aliyoyaona yalimmaliza. Tonton Théodore alikuwa amelala chali ndani ya ile kamioneti, mikono ameikunja kifuani, macho ameyafumba. Papa alikuwa akimpima kwa futi, kuanzia kichwani mpaka visiginoni.

“Uko mrefu kuliko watu wengi,” Papa alisema. “Ukitosha weye, wote watatosha.”

“Basi ongeza kidogo kwa ajili ya wanene,” tonton akajibu bila kufumbua macho.

Lo! Kumbe si dhahabu tu, na watu pia! Watu wa kufichwa chini ya mizigo na kuvushwa mpaka! Cibalonza alikaa chini kwenye majani ya mgomba. Aliiona siku ambayo Papa angefungwa pingu mbele ya mtaa mzima, na Koko akifa kwa uchungu kitandani.

Jioni hiyo, walipokuwa wakila, alijaribu kuuliza. Lakini aliuliza kwa kuzunguka, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani.

“Papa, gari iliyo chini sana inaweza kupita daraja la Ruzizi?”

Mkono wa Papa ukasimama juu ya sahani. “Mbona unauliza Ruzizi?”

“Nauliza tu.”

“Kula. Maswali mengi yanapoza chakula.”

Kama angekuwa hana hatia, angecheka. Ndivyo Cibalonza alivyojiambia, na usiku huo jambo hilo likawa zito mno kwake. Kesho yake akamvuta Nsimire nyuma ya vyoo vya shule.

“Apa kwamba husemi.”

“Haki ya Mungu sisemi!”

Akamwambia yote: shasi, resori, sanduku la Kamituga, tonton aliyepimwa. Alipomaliza alijisikia mwepesi. Nsimire ndiye aliyebaki macho yamemtoka, amebeba jambo zito mno kwa mtoto wa miaka kumi na miwili anayekula meza moja na mtu wa forodha.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo, ile kazi ya usafi ambayo mtaa mzima ulilazimika kuifanya. Majirani wote walikuwa barabarani na majembe na mapanga, wengine wanazibua mfereji, wengine wameegemea mipini na kupiga gumzo. Maman Virginie, muuza mandazi wa pale kona, alikuwa wa kwanza kuliona gari la forodha likipanda mlima.

“Eeh! Linaenda kwa nani?”

Lilisimama mbele ya nyumba ya akina Cibalonza. Papa Bisimwa akashuka, kofia kichwani, na askari wawili nyuma yake. Nsimire hakuwa naye. Cibalonza alikuwa barabarani na wengine, ameshika fagio.

“Citoyen Polycarpe,” Papa Bisimwa alisema kwa sauti ya kazi, akimwita mwananchi kama serikali ilivyoagiza, ingawa watu hawa wawili walikaa benchi moja kanisani kila Jumapili. “Fungua gereji. Nimepewa habari ya gari lililotengenezwa kwa magendo.”

Majirani wakaacha majembe. Papa alilitazama lile kundi, halafu akageuka kutazama dirisha la chumba cha mbele, ambako Koko alilala. Dirisha lilikuwa wazi, maana siku hiyo hakuna aliyetarajia nyundo wala kelele.

“Ndugu yangu Bisimwa,” alisema polepole, “ingia weye peke yako. Nitakuonyesha na kukueleza yote.”

“Peke yangu nifanye nini? Kesho watasema nimekula hongo. Eleza hapa, mbele ya watu.”

“Hapa siwezi.”

“Huwezi?” Papa Bisimwa akasogea karibu. “Mtu mwenye kazi safi anashindwaje kusema kazi yake?”

Mnong'ono ukapita kati ya majirani. “Nilijua,” mmoja alisema. “Lango linafungwa mchana kutwa!” Maman Virginie akatikisa kichwa kwa masikitiko, lakini hakuondoka mahali alipopata nafasi nzuri ya kuona.

Papa akanyoosha mikono yake miwili mbele. “Basi nifunge,” alisema. “Tutazungumza huko ofisini. Hapa sisemi.”

Cibalonza akautazama uso wa baba yake. Alitarajia kuona aibu ya mtu aliyekamatwa. Akaona kitu kingine: Papa alikuwa akitazama dirisha tu, na alikuwa anaogopa, lakini hakuwa akiwaogopa askari. Hapo ndipo Cibalonza alipoanza kutilia shaka werevu wake mwenyewe. Fagio likamtoka mkononi.

“Ni mimi!” alipiga kelele. “Mimi ndiye niliyemwambia Nsimire! Nilichungulia kwenye tundu!”

Papa alimgeukia kama mtu aliyepigwa kofi. Cibalonza alikuwa analia sasa, kamasi na machozi pamoja, lakini hakunyamaza.

“Papa, ile gari ni ya nini? Niambie. Kwa nini mumeikata shasi? Kwa nini mumeishusha?”

Papa akalitazama tena dirisha. Na kutoka mlangoni ikaja sauti iliyokauka:

“Polycarpe, mutoto amekuuliza. Mujibu.”

Ni Koko Marcelline. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amejifunga blanketi, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukutani. Maman Godelive akamkimbilia, lakini Koko akamsukuma kando kwa kiwiko.

“Niache. Kusimama naweza. Mumenifungia dirisha kila siku mukidhani nimekuwa kiziwi. Nyundo zote zile! Ninajua munaficha jambo. Jibu, mwanangu.”

Papa Polycarpe, mtu mzima mwenye mikono ya chuma, aliinamisha kichwa kama mwanafunzi.

“Mama, ni gari la kubebea marehemu,” alisema. “Wazee wa shirika letu la parokia ndio walioniagiza, nami nikawaomba wasimwambie mtu. Munakumbuka mazishi ya muzee Gérard.”

Nani asiyeyakumbuka? Mvua ilikuwa inanyesha, njia ya makaburini ni utelezi mtupu, na lori walilokodi lilikuwa la juu mno hata wanaume walilazimika kuinua jeneza juu ya vichwa vyao. Mmoja akateleza. Jeneza likaanguka matopeni mbele ya mjane na watoto wake, na kilio kilichofuata Nguba haijakisahau mpaka leo.

“Basi wazee hao wakasema tupate gari letu, la chini, ambalo hata wanawake wanne wanaweza kulaza jeneza bila kuliinua juu ya kiuno,” Papa aliendelea. “Nikashusha shasi. Nikashusha na mbele, sakafu ikae sawa, jeneza lisiteleze kwenye milima hii yetu. Sikuwa na mahali pengine pa kufanyia isipokuwa hapa. Lakini weye uko kitandani, mama. Watu wangesema nini? Kwamba Polycarpe anamtengenezea mama yake gari la kaburini naye bado anakunywa uji! Ningekuwa nakuitia kifo nyumbani. Na weye mwenyewe ungejisikiaje? Ndiyo maana nilifunga.”

Majirani wakatazama chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Katika ua wenye mgonjwa watu hawaleti hata ubao wa jeneza, sembuse gari zima.

Papa Bisimwa alikuwa amevua kofia.

“Kwenye mazishi ya Gérard,” alisema, na sauti ya kazi ilikuwa imemtoka, “mimi nilikuwa nimeshika nyuma, upande wa kushoto. Liliponiponyoka nilidhani nitakufa kwa aibu.” Akawaambia askari wake wabaki pale walipo. “Nisamehe, Polycarpe. Lakini kazi ni kazi. Fungua, nione.”

Lango likalia, turubai ikashushwa, na mtaa mzima ukaingiza shingo. Ilikuwepo kamioneti, imekaa chini na kutulia, na sakafuni mwake kuna reli mbili zenye magurudumu madogo ya kusukumia jeneza. Tonton Théodore alikuwa amesimama kando yake, koleo mkononi. Papa Bisimwa alilifungua sanduku la Kamituga mwenyewe. Ndani mlikuwa na mitungi ya gesi na mpira wa kuchomelea, na soksi chafu za tonton. Watu wakacheka kidogo, cheko la watu wanaojua wamekosa.

Koko ndiye aliyepita mbele ya wote. Alitembea hatua ndogondogo mpaka kwenye gari, akapima kimo cha sakafu kwa fimbo yake. Ilimfika juu kidogo ya goti. Akaipigapiga kwa kiganja.

“Kumbe ndiyo hii? Na mimi nililala huko nikiwaza kwamba daktari amewaambia siku yangu, na ninyi munagonga jeneza langu kimyakimya! Kila nyundo nilisema, haya, huo ni msumari wangu.” Akamgeukia mwanawe, macho yamelowa. “Umenitesa bure, Polycarpe. Ungeniambia, ningelala. Mimi nimezika wazazi, mume na watoto wawili. Gari litaniogopesha?”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekusamehe. Siku yangu ikifika, na haifiki leo, angalau hamtanirusha kama gunia la mihogo.”

Hapo watu walicheka kwelikweli, na Maman Godelive akacheka huku akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Watu walipotawanyika, Cibalonza alibaki amesimama gerejini. Papa alikuwa akikunja turubai.

“Papa, umenikasirikia?”

“Ndiyo,” Papa akasema. “Nimekasirika sana. Leo ningeweza kulala ndani kwa sababu ya jicho lako kwenye tundu. Lakini nimejikasirikia pia. Mimi ndiye niliyefunga mlango, na mlango uliofungwa unampa kila mtu ruhusa ya kujaza apendavyo.” Aliiweka turubai chini. “Kutilia shaka si dhambi, Cibalonza. Hata mimi ningeshuku. Lakini weye uliniuliza Ruzizi, hukuniuliza gari hii ni ya nini. Ukishuku mtu, anza na yeye, uso kwa uso, tena kwa swali lililonyooka. Akikataa kujibu, mwendee mtu mzima anayeweza kumbana, mama yako au Koko. Usimbebeshe mtoto mwenzako ambaye hana njia ya kujua ukweli. Mfikirie Nsimire anavyoumia sasa. Ametoa siri yako, na baba yake amekuja kumfunga rafiki yake. Yote ni kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza.”

“Sasa nifanye nini?”

“Uliyoyasema yametembea mtaa mzima. Nenda ukayafuate.”

Alasiri nzima Cibalonza alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba alikosea. Alianzia kwa Nsimire, wakalia pamoja, halafu wakaenda wote wawili. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchota maji mlimani. Wengine walimsikiliza na kumpongeza kwa kusema kweli. Wengine, hasa wale ambao hawakuwepo asubuhi, walimtazama kwa jicho la pembeni. Maman Virginie mwenyewe, ambaye aliona kila kitu, alikuwa tayari ameanza kusimulia kwa namna yake.

“Gari la marehemu, sawa,” alisema akigeuza mandazi kwenye mafuta. “Lakini jeneza linaweza kubeba mengi, mutoto wangu. Nani atalifungua?”

Cibalonza alirudi nyumbani amevunjika moyo, akamweleza Papa. Papa alitikisa kichwa.

“Umeona? Kumwaga ulimwaga kwa dakika chache. Kuzoa ni kazi ya siku nyingi, na mengine hayazoleki. Ndiyo maana mtu anauliza kwanza.”

Kesho yake, baada ya misa, lango la gereji lilikuwa wazi mpaka mwisho. Cibalonza alikwenda tena pale kona. Alisimama mbele ya karai la mafuta, na safari hii hakuzunguka wala hakunong'ona.

“Maman Virginie, unamshuku baba yangu. Yuko nyumbani sasa hivi, na gari liko wazi. Njoo umuulize mwenyewe.”

Maman Virginie alimtazama, akatazama foleni ya wateja waliokuwa wamegeuka kusikiliza. Kisha akaipua karai, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akamfuata.